Aliyenielewa Ndiye Amlee

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza. Hadithi hii haina sungura wala fisi, haina mfalme wala binti yake. Ina watu watupu, na watu ni wabaya kuliko fisi, maana fisi akila mfupa hasemi ameula kwa nia njema. Mwisho wake mtaulizwa swali. Asiye na jibu aende kulala nalo, kama wengine walivyolala nalo.

Kijiji cha Kwelukonge kilikuwa na watu watatu waliojaliwa. Hawakujaliwa mali, wala sura. Mungu aliwajalia kuelewa, na akampa kila mmoja kipande chake tu, kama mtu anayegawa muhogo mmoja kwa watoto wa jirani.

Wa kwanza aliitwa Siwema. Siwema alielewa mlio. Ukikohoa, ukigonga mlango, ukikwaruza sufuria, yeye alijua umesema nini. Mbuzi wa watu wakilia bondeni alikuambia yupi ana kiu na yupi ana kwato bovu. Ila umwulize kwa nini mtu kasema alichosema, basi atakukodolea macho kama samaki wa gulioni.

Wa pili aliitwa Mhina, mchimba visima. Mhina alielewa ardhi. Alionja udongo kwa ncha ya ulimi akakuambia maji yako pima ngapi chini. Alikanyaga mahali akajua pamejaa au pana uwazi. Binadamu ndio waliomshinda. Mkewe alipozika mtoto wao wa nne alilia chumbani siku tatu, na Mhina akaenda kumchumia majani ya mafua.

Wa tatu aliitwa Mashavu. Mashavu alielewa mioyo. Kabla hujamaliza kumwambia hodi alikuwa amekwisha jua kwamba umekuja kuomba chumvi, na kwamba njiani ulikuwa unamsema. Kwa sababu hiyo hakuwa na shoga hata mmoja. Nani anamtaka jirani anayekuona mpaka ini?

Na alikuwapo wa nne, ambaye hakujaliwa chochote cha namna hiyo. Huyo aliitwa Bi Kidawa, na ndiye tutakayefuatana naye, maana ndiye aliyebaki na mzigo.

Bi Kidawa alikuwa mfinyanzi, na zaidi ya ufinyanzi alikuwa mkuu wa shimo. Wanawake wa Kwelukonge walichimba udongo wao mahali pamoja, ubavuni mwa kilima, tangu enzi za bibi wa bibi zao. Waliufuata ule udongo mweusi unaonata, kikapu kwa kikapu, mpaka shimo likaingia kilimani likawa kama pango la kutosha watu sita wakiinama. Shimo lilikuwa na miko miwili. Mwanamume haingii. Na aliyemo ndani hasemi. Neno moja likitamkwa mle, vyungu vyote vya udongo wa siku ile vitapasuka motoni. Bi Kidawa mwenyewe alishuhudia. Mwaka alioolewa, mwanamke mmoja alipiga chafya shimoni akasema alhamdulillahi, na vyungu thelathini vikapasuka. Kwamba kuni za siku ile zilikuwa mbichi, hilo hakuna aliyetaka kulizungumza.

Kwa hiyo mle ndani waliongea kwa muo, ule mti uliochongwa ncha wa kuchimbia. Ukigonga mara mbili: niletee kikapu. Mara tatu: nipishe nipite. Moja, kimya, kisha moja tena: bado nipo, msiniache. Milio ilikuwa tisa kwa jumla, na Bi Kidawa ndiye aliyewafundisha wasichana wote wa kijiji. Wa kusema linaporomoka haukuwemo. Wazee wa kale walikuwa hodari wa kukataza. Kutunga mlio wa kumwokoa mtu hawakupata nafasi.

Mwaka huo masika ilinyesha kama inayolipiza kisasi. Mvua ilipokatika, Mhina alifika uani kwa Bi Kidawa, akamkuta anasugua mtungi kwa kokoto.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Chungu cha juzi mmeshakivunja?"

"Hapana, mama. Nimepita juu ya shimo lenu. Ardhi imechoka. Maji yameingia ndani, na ukikanyaga pale juu inaitika kama ngoma. Wahamishe wanawake."

"Juu ya shimo la wanawake ulikuwa unatafuta nini?"

"Mbuzi wangu alipotea."

"Basi mbuzi kakuambia wewe, nawe umekuja kuniambia mimi."

"Sina utani, Bi Kidawa. Pale patakaa chini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mhina. Nenda salama."

Na alimwelewa kweli, vile tunavyowaelewa watu tunaotaka waondoke. Akairudia kokoto yake. Mhina naye, kwa kuwa alielewa ardhi tu, aliamini ameeleweka. Akaenda zake, wala hakurudi kusema mara ya pili.

Sasa Bi Kidawa alikuwa na binti mmoja, Mwantumu. Mwantumu alikuwa na mtoto wa miezi saba, msichana, na mtoto huyo hakuwa na baba wa kutajwa. Wa kutotajwa alikuwa naye, na kijiji kizima kilimjua: alikuwa mume wa Mashavu. Na Mashavu na Mwantumu walikuwa ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake Mashavu alikufa mapema, na Bi Kidawa ndiye aliyewalea wote wawili, wakila sinia moja. Mimba ilipoonekana, yule mwanamume alikimbilia mashamba ya mkonge, hakuandika, hakutuma salamu. Watu wakasema mpaka midomo ikawakauka. Mwantumu alipojifungua akamwita mtoto Semeni, yaani haya, endeleeni. Mashavu hakusema chochote. Tangu siku ile hakumpa ndugu yake hata salamu, na wakikutana kisimani alimtazama kama unavyotazamwa mti.

Jumanne moja asubuhi, umande ukiwa haujakauka, Mwantumu na Siwema waliingia shimoni kuchimba. Semeni alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala ndani ya mbeleko. Wanawake wengine walikuwa nje wakiponda na kukanda. Bi Kidawa alikaa mlangoni pa shimo, kama siku zote, kuwachunga wasiseme.

Mle ndani Siwema aliinua macho akaona ufa juu, upana wa kidole. Alimvuta Mwantumu khanga. Mwantumu alikuwa amefikia udongo mzuri, mweusi, usio na changarawe, naye akagonga muo: moja, kimya, moja. Bado nipo. Siwema akafungua kinywa. Akaona vyungu vya wanawake kumi na wawili vikipasuka kwa ajili yake, akamwona Bi Kidawa pale mlangoni na lile jicho lake. Akafunga kinywa. Akabeba kikapu chake akatoka juani, na hakuwa amekitua wakati kilima kilipokaa chini nyuma yake, taratibu, kama mzee anayeketi.

Vumbi lilipotua, mlango wa shimo haukuwapo.

Bi Kidawa hakulia. Alisimama akaanza kufukua kwa mikono, na alipoona wanawake wamechukua majembe na wamepanda juu ya kilima kuchimba kutokea huko, akawahimiza. "Pigeni! Pigeni!" Siwema peke yake hakuchimba. Alilala kifudifudi, sikio ardhini, akaanza kupiga kelele.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Anagonga!"

Wakanyamaza. Bi Kidawa alitega sikio, yeye aliyeifundisha ile milio, na hakusikia kitu ila damu yake mwenyewe.

"Yuko hai," Siwema akasema. "Hayuko huko mnakochimba. Yuko kushoto, upande wa kichuguu. Anagonga mbili mbili. Kikapu. Anasema niletee kikapu."

"Kikapu cha nini?" mwanamke mmoja akauliza. "Amezikwa, na bado anachimba udongo?"

"Sijui cha nini. Ninachosikia ndicho hicho. Kikapu, kikapu, kikapu."

"Ameshachanganyikiwa, masikini."

Bila Siwema, mnaona wenyewe, wangechimba mahali pasipo mtu mpaka usiku. Hilo litieni kwenye mzani.

Mhina alifika akikimbia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwanyang'anya wanawake majembe. "Shukeni huko juu! Kila jembe mnalopiga mnamzika mara ya pili!" Akazunguka upande wa kushoto, akagusa, akaonja, akapiga kofi ardhi kama anayepiga kofi punda. "Hapa kwenye kichuguu udongo umeshikana. Naweza kuingilia hapa."

Bi Kidawa akasimama mbele yake. "Mwanamume haingii shimo hili."

"Bi Kidawa, hakuna shimo tena. Kuna kaburi lenye mtu hai."

"Miko haikufa."

"Mwanao je?"

Mama huyu alisimama pale. Mnamcheka? Miaka hamsini mtu anafundishwa kwamba jambo fulani likivunjwa watu wote watapata hasara, na anafundisha wengine, na anawapiga wengine kwa ajili yake. Haachi kwa siku moja, hata kama siku hiyo ni ya mtoto wake. Alisimama muda wa kusonga ugali. Kisha alijisogeza hatua moja kando, bila kusema pita.

Mhina alikata kwa panga na kwa vidole, kiganja kwa kiganja, huku akiegemeza magogo. Alasiri alipata tundu. Tundu lilikuwa upana wa mdomo wa mtungi mkubwa, na ndani yake mkono ulionekana, mweusi kwa udongo, umeshika muo.

"Panua," watu wakasema.

"Nikiongeza upana wa kidole linakuja lote. Hapa ndipo mwisho wa ardhi kunivumilia."

Bila Mhina wangemwua kwa majembe yao wenyewe, huku wakimwombea dua. Hilo nalo litieni kwenye mzani.

Wakateremsha kamba. Ule mkono uliishika kamba, ukaisukuma nje. Wakaiteremsha tena, ukaisukuma tena. Bi Kidawa akaweka mdomo kwenye tundu.

"Mwantumu, mwanangu, shika kamba! Jifunge, tutakuvuta!"

Mkono ukaisukuma kamba mara ya tatu, kwa hasira. Kisha muo ukagonga mbili. Siwema akafasiri kilekile. "Anataka kikapu. Kamba hataki."

"Amerukwa na akili," watu wakasema. "Mshusheni mtu akamfunge kwa nguvu."

"Nani apite hapo? Wewe na hilo tumbo?"

Hapo ndipo Mashavu alipopenya. Alikuwa amesimama mbali tangu asubuhi, mikono nyuma, uso umefungwa. Hakuna aliyemwita. Alipiga magoti kwenye tundu, akautazama ule mkono kwa muda, akawageukia.

"Hana wazimu. Amekibeba."

"Amebeba nini?"

"Kilima. Yuko juu ya mkono mmoja na magoti, na udongo umemkalia mgongoni, na mtoto amemtoa mgongoni, yuko chini yake. Akishika kamba atanyooka, na akinyooka mtoto anafukiwa. Mnamwambia ajiokoe; huyu hakujua kujiokoa hata siku moja. Kikapu ni cha Semeni. Tangu asubuhi anawaambia ni cha Semeni."

Wakateremsha kikapu kidogo, kile cha kuchumia mchicha. Kikakaa chini muda mrefu. Kamba ikatikisika. Wakavuta, na mtoto akatoka, kijivu kama kinyago cha majivu, akapiga chafya, kisha akapiga ukelele uliomfanya mbwa wa kijiji abweke.

Bila Mashavu wangebishana na ule mkono mpaka ukapoa. Hilo la tatu.

Bi Kidawa alimpokea mjukuu, akampa mwanamke wa kando, akarudi kwenye tundu mbio.

"Sasa wewe! Mwantumu! Mtoto ametoka, mzima! Shika kamba sasa, mama, shika kamba."

Na Mwantumu akasema. Alivunja mwiko akiwa mle ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayezungumza jikoni.

"Mama, hujanielewa."

"Nini, mwanangu? Nini nisichoelewa?"

"Miguu siisikii tangu asubuhi." Akapumzika. "Semeni alelewe na aliyenielewa."

Mhina aliona kabla ya wote. Alimkamata Bi Kidawa kiunoni akamrusha nyuma, na kilima kikamaliza kukaa.

Mwantumu hakutolewa. Mhina alisema wakimfukua mmoja watazika wanne, na safari hii hakuna aliyemwambia nimekuelewa kisha akafanya lake. Walimswalia palepale, nje, wakielekea kibla na kilima kikiwa mbele yao. Vyungu vya udongo wa siku ile vilichomwa baadaye, kwa kuwa watu wanahitaji kupikia. Havikupasuka. Bi Kidawa alivitazama vikitoka motoni vizima, kimoja baada ya kingine, vinalia kama kengele ukivigonga, na kila kimoja kilimchoma.

Zikaja siku arobaini. Bi Kidawa alikaa na mtoto ndani, akimpa uji na maziwa ya mbuzi, huku macho yake yakizidi kuingia ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwanza kabla ya masika, na kilio hakikumsaidia. Siku moja alimwekea mtoto kijiko puani badala ya mdomoni. Siku nyingine Siwema, Mhina na mkewe, na Mashavu, wote walikuwa wameahidi kuleta maziwa, na kila mmoja akadhani mwingine ameleta, na Semeni akashinda na njaa mpaka alasiri. Kwa hiyo msije na lile shauri lenu la kwamba wamlee wote watatu. Lilijaribiwa.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha na masinia kuondolewa, mwenyekiti wa kitongoji alisimama. Alikuwa mtu wa kupenda barua. "Jamani, nyumba tatu zinamgombea mtoto mmoja, na maneno yameanza kuwa mabaya. Bibi huyu ndiye mwenye kauli. Akishindwa leo, jua likifika kwenye ule mkorosho, naandika barua mtoto aende kituo cha yatima mjini. Pikipiki nimekwisha iita."

"Kituo kuna nani wa kumwelewa?" mtu akauliza.

"Kuna godoro," mwenyekiti akajibu, akaketi.

Bi Kidawa akasema, "Na mimi je? Mimi ni bibi yake."

Watu wakatazama mkeka. Mashavu ndiye aliyejibu, bila ukali, na hilo ndilo lilikuwa kali. "Mama mdogo, ulisikia alivyokuambia. Sote tulisikia."

Bi Kidawa akampakata mtoto vizuri. Ni kweli alisikia. Tangu siku ile hakuwa amesikia kitu kingine.

"Basi semeni nyie," akasema. "Kila mmoja aniambie alimwelewaje mwanangu. Siwema, anza."

"Mimi nilielewa alichosema," Siwema akasema. "Neno kwa neno. Hao wengine wangeelewa nini kama mimi nisingesikia? Moyo haugongi, bibi. Ardhi haiombi kikapu. Mwantumu aliita, na aliyeitika ni mimi."

"Aliyeona ufa asubuhi ni nani?" Mashavu akamwuliza.

Siwema akajibu, "Mimi."

"Na ukasema nini?"

"Nilimvuta khanga..."

"Nimekuuliza ulisema nini."

"Mwiko ulikuwa wa nani?" Siwema akapiga kelele, akamgeukia Bi Kidawa, macho yamejaa. "Mimi niliuweka? Bibi, ulikuwa umekaa mlangoni! Ningesema neno ungenifanyaje?"

Bi Kidawa alijua angemfanyaje. "Mhina," akasema.

Mhina alikuwa amekaa na mkewe, mwanamke mkimya aliyeleta nguo ndogo nne zilizokunjwa vizuri, nguo ambazo hazikupata kuchakaa. "Mimi si msemaji," Mhina akasema. "Mtu akiwa ndani ya ardhi, mwenye kuielewa ardhi ndiye aliyemwelewa yeye. Alikuwa amebaki na kiganja kimoja cha udongo kati yake na kifo, na kiganja hicho nilikijua mimi. Tena nilikijua mapema. Nilikuja kwako, mama, nikakuambia."

"Uliniambia mara moja, Mhina."

"Mara moja haitoshi kwa mtu mzima?"

"Kwa mtu mwenye kichwa kigumu haitoshi, na wewe ulikuwa unakijua kichwa changu."

"Mimi vichwa sivijui," Mhina akasema. "Ningevijua ningekuja kila siku. Ningekaa mlangoni pako nikakutia aibu. Nilisema, ukaniambia umenielewa, nikaenda kutafuta mbuzi." Akainamisha uso. Mkewe akazisogeza zile nguo mbele kidogo, kama mtu anayesogeza sahani kwa mgeni.

"Mashavu."

Mashavu hakusimama. "Mimi nilimwelewa yeye," akasema. "Hawa wawili walielewa milio na udongo. Mimi nilimwelewa Mwantumu, tangu tukiwa wadogo. Tukipewa muhogo alinipa kipande kikubwa, kisha akakaa akinitazama nikila, kwa uchu. Alikuwa mtu wa kubeba kwanza na kulia baadaye. Nilijua hata alivyoingia kwenye yale ya mume wangu: alimwonea huruma. Mume wangu hodari wa kuonewa huruma."

"Ulijua?"

"Nilijua yote. Ndiyo maana nilimchukia. Usiyemwelewa unamkasirikia tu, mama mdogo, mpaka jioni. Kumchukia mtu miaka inataka umwelewe sana."

Uwanja ukaingia baridi. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, "Na mtoto mwenye sura ya yule bwana, utamlea au utamkodolea?"

"Sijui," Mashavu akasema. "Ukitaka nidanganye, sema."

Bi Kidawa akamwuliza jambo moja tu. "Siku ile ulisimama kule tangu asubuhi. Siwema alisema kikapu kabla ya adhuhuri. Wewe ulielewa saa ngapi?"

Kuku alipita katikati ya mkeka, akadonoa punje ya wali, akaenda zake.

"Kabla ya adhuhuri," Mashavu akasema.

"Na tundu lilipopatikana alasiri, kamba ikarudishwa mara tatu, ukawa bado umesimama."

"Nilikuwa nasubiri anichukize vya kutosha niondoke. Akakataa kunichukiza."

Watu wakaguna. Wengine walitaka kumpiga, na wengine, ambao wana ndugu, walitazama vidole vyao vya miguu.

Bi Kidawa alisimama kwa kuegemea goti, mjukuu kifuani. Alikuwa ametumaini kwamba wakisema, jambo litampambanukia. Badala yake alikuwa amejua kwamba binti yake alieleweka vizuri kabisa. Mmoja alilielewa neno lake, mmoja alipaelewa mahali pake, mmoja aliuelewa moyo wake. Na kila mmoja alikuwa na chake mapema, wakati wa kukitumia, na alikaa nacho mpaka kilipofaa kuokoa nusu. Yeye peke yake hakuelewa kitu, naye ndiye aliyeshikilia mlango. Angekuwapo mtu asiye na hatia angempa mtoto, hata awe mpita njia. Hakuwapo.

"Mwenyekiti," mtu akasema, "jua."

Jua lilikuwa limegusa mkorosho. Huko barabarani pikipiki ilisikika ikipanda kilima, na Siwema, kwa desturi yake, akasema bila kuulizwa, "Ndiyo hiyo. Dereva ana abiria mmoja, mwanamke, anataja kituo."

Bi Kidawa akapiga hatua mbili kwenye mkeka. Ukungu wa macho ulimwonyesha watu waliokaa mbele yake bila nyuso. Mikono ikanyooka: ya Siwema, iliyotangulia, ya Mhina na mkewe, minne, imara kama magogo ya kuegemeza, na ya Mashavu, ambayo ilichelewa kidogo kuliko mingine, ikanyooka hata hivyo. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha njaa, na wote watatu wakasema pamoja, kila mmoja kwa uhakika wake, anachotaka mtoto.

Haya, nyie mnaotikisa vichwa kana kwamba mmeshamaliza. Wa neno, wa ardhi, au wa moyo? Au pikipiki na godoro? Msiniambie ni vigumu. Ugumu bibi wa watu anauona, na mikono yake imechoka. Mngemweka Semeni kwa nani? Na mkishamweka, nani kati yenu atakwenda pale kilimani, amwinamie aliyelala chini, amwambie kwa sauti: Mwantumu, huyu ndiye aliyekuelewa?